Mafundo ya Kwaresima Ile

Mwezi uliopita tulimzika Wandera. Kabla jeneza halijashushwa, alisimama mpwa wake mmoja, mtu wa makamo mwenye sauti nzuri, akawasimulia waombolezaji kisa cha marehemu na mimi. Alisema kwamba tulipokuwa watoto tulipigana nyuma ya kanisa siku ya Pasaka hadi damu ikatutoka, kwamba Padri alitutenganisha kwa bakora, na kwamba nilikuwa na kamba yenye mafundo kumi na mawili, moja kwa kila mtume. Watu walicheka kwa adabu, kama inavyofaa makaburini. Mimi sikucheka. Mtu yule hakuwapo. Mama yake mwenyewe alikuwa bado akinyonya. Dada yangu Paskalina, aliyeketi kando yangu, aliniinamia akaninong'oneza kwamba mafundo yalikuwa tisa. Naye alikosea. Kamba ninayo mimi.

Kwa kuwa sasa nimebaki peke yangu kati ya wawili tuliohusika, naona ni wajibu wangu kuyaandika mambo yalivyokuwa. Nitatenga niliyoyaona na niliyoyasikia kwa wengine, na panapokosekana hakika nitasema kwamba sijui. Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na tabia hiyo haijaniacha.

Baba yangu alikuwa seremala. Alitoka Kiyeyi, kwa watu wetu Wapadhola, akaja kwanza Busia kutafuta kazi, na miaka yangu ya mwanzo ninayoikumbuka ilipita pale, katika nyumba ya kupanga iliyotazamana na barabara. Ukuta mmoja ulitutenganisha na Mama Zaituni, Mwislamu, mke wa dereva wa lori lililobeba pamba hadi stesheni ya Tororo. Kwake ndipo nilipojifunza Kiswahili, na kwake ndipo nilipolisikia mara ya kwanza neno lililokuja kunipoteza. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, Mama Zaituni alisema amefunga. Mchana kutwa hakutia kitu kinywani, hata mate aliyatema. Jua lilipozama alifungua, na ndipo mlango wake ulipotoa harufu ya iliki na sukari inayoyeyuka. Alituita mimi na Paskalina, akatupa tambi na uji mzito, akisema mtoto wa jirani hafukuzwi kwenye futari. Akili yangu ya utotoni ilihitimisha jambo ambalo hakuna aliyeniambia, wala hakuna aliyejua kwamba linahitaji kusahihishwa: kufunga ni kukiweka kitu kando, na kufungua ni kukirudia, kikiwa kitamu zaidi kuliko mwanzo.

Baadaye baba alipata kazi misioni, upande wa Dabani. Tukahamia huko, kati ya Wasamia, na Kiswahili changu cha barabarani kikawa mali. Parokia ile ilikuwa na watu wa lugha nyingi: Wasamia wenyewe, Wapadhola kama sisi, Wateso waliotoka upande wa Tororo, na Wajaluo waliovuka mpaka kutoka ng'ambo kwa kuwa kanisa letu lilikuwa karibu nao zaidi. Misa ilisomwa kwa Kilatini, ambacho hatukukijua sote kwa usawa. Mahubiri yalitolewa kwa Kiswahili, ambacho kila mmoja alikijua kwa namna yake. Padri wetu, Mzungu mrefu mwenye miwani na shingo iliyoungua kwa jua, alikuwa amejifunza Kiswahili vitabuni. Sisi watoto tulikuwa tumejifunza sokoni. Kati ya kitabu na soko ndipo yalipotokea yote nitakayoyasimulia.

Wandera alikuwa Msamia, mwana wa mwanamke aliyefua na kupiga pasi nguo za altare. Tulikuwa na umri mmoja na tulikaa benchi moja darasani, benchi ambalo baba yangu alilitengeneza. Hakujua Kipadhola, wala mimi sikukijua Kisamia vema, kwa hiyo urafiki wetu wote ulikwenda kwa Kiswahili kile kifupi cha mpakani, ambacho hakijali nani anatenda: mimi nakwenda, wewe nakwenda, yeye nakwenda. Kilitutosha kabisa.

Mwaka ninaouzungumzia, Jumatano ya Majivu ilikuta ardhi imekauka. Matawi ya mitende ya mwaka uliotangulia yalichomwa nyuma ya sakristia, na mpaka leo nikisikia harufu ya majani makavu yanayoungua najisikia nikipiga magoti kwenye sakafu baridi, nikingoja kidole cha Padri kifike kwenye paji la uso wangu. Baada ya majivu Padri alipanda kuhubiri. Maneno yake nayakumbuka, kwa sababu tuliyarudia wiki nyingi.

"Mtafunga nyama siku zilizoamriwa," alisema. "Lakini mwaka huu nawaomba mfunge na hasira. Kila mtu afunge hasira yake, mpaka Pasaka."

Nilimtazama Wandera, naye akanitazama. Wakubwa walikuwa wakitikisa vichwa kwa kukubali. Sisi tulikuwa tumeelewa jambo jingine, na tulilielewa vizuri sana.

Sitasema kwamba ni mimi niliyevumbua habari ya kamba. Paskalina hudai ni yeye. Sina ushahidi wa kumkanusha. Ninachokijua ni kwamba kufikia Jumapili ya kwanza ya Kwaresima watoto wengi wa darasa la katekisimu walikuwa na kitu mfukoni au kiunoni: uzi, ukambaa wa mgomba, kipande cha kitambaa. Ukikasirika, hukupiga wala hukutukana. Ulitoa kamba yako mbele ya aliyekukosea, ukafunga fundo polepole huku ukimwangalia, ukairudisha mfukoni. Kisha ulisema, "Ngoja kengele." Maana tulijua kwamba Alhamisi Kuu kengele ya kanisa ingefungwa isilie, kama ilivyokuwa desturi, na Jumamosi asubuhi ingefunguliwa. Siku hizo ibada ya mkesha ilifanywa Jumamosi asubuhi, na saa sita mchana Kwaresima ilikuwa imekwisha. Sheria hiyo ilibadilishwa nilipokuwa nimekwisha kukua. Kengele ikifunguliwa, nyama ingefunguliwa, na hasira nayo ingefunguliwa, imewiva kwa siku arobaini.

Jambo la ajabu ni kwamba amani ilitanda. Hapakuwa na ugomvi kisimani wala uwanjani. Mwalimu Barnaba, katekista wetu, mtu mkali aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikakakamaa, alikaa siku nzima bila kumwinulia mtu fimbo. Padri alitusifu kanisani mbele ya wazazi wetu. Alisema watoto wamewatangulia wakubwa katika kufunga. Tuliinamisha vichwa kwa unyenyekevu, kila mmoja mkono wake ukiwa mfukoni.

Sasa nifike kwenye hasira yangu.

Mwaka huo mchwa walikuwa wamelila bao la kugonga. Hilo ni ubao wenye mpini na vinyundo viwili vya mti, unaotikiswa badala ya kengele tangu Alhamisi Kuu hadi Jumamosi. Baba alitengeneza jipya kwa mti wa mvule, akalipiga randa mpaka likang'aa, nami nilikusanya maranda na kulishika kabla halijatiwa hata nyundo. Mwalimu Barnaba aliahidi mbele ya darasa zima kwamba mwana wa fundi ndiye atakayelibeba. Sikumbuki kama nimewahi tena kuahidiwa kitu kikubwa kama hicho. Nililala nikitikisa mkono hewani.

Mvua za kwanza zilinyesha wiki ya pili ya Kwaresima, na pamoja na mvua walikuja kumbikumbi, ambao kwetu tunawaita ngwen. Wako wanaotoka usiku, na wako wanaotoka mchana. Hawa wa mchana unaweza kuwadanganya: unajenga kibanda kidogo cha majani ya mgomba juu ya kichuguu, kisha unapiga vijiti juu ya gogo, mfululizo, kwa sauti ya matone, nao hutoka wakidhani mvua imerudi. Mama yangu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Siku ile alipiga vijiti hadi alasiri, akajaza ungo, akawakaanga kwa chumvi bila tone la mafuta, kwa kuwa mafuta wanayo wao wenyewe. Harufu yake ilikuwa ya karanga na ya udongo uliolowa kwa pamoja. Nilikula viganja viwili, nikakimbilia kanisani kwa Njia ya Msalaba. Ilikuwa Ijumaa.

Suala la kama kumbikumbi ni nyama au si nyama lilikuwa limekwisha kuamuliwa na Mwalimu Barnaba kwa uwezo wake mwenyewe. Alifundisha kwamba kitu kinachotoa mafuta kikaangoni ni nyama. Wandera alimuuliza kuhusu karanga, akapigishwa magoti hadi mwisho wa somo. Mimi sheria hiyo niliijua. Sitajitetea kwamba nilisahau; niliona njaa, nikaona ungo, nikala.

Kabla ya kuingia kanisani tulipangwa mstari. Wandera, aliyesimama nyuma yangu, alinigusa shingoni, nami nikaupiga mkono wake nikidhani anataka mchezo. Mwalimu Barnaba akapita akitukagua. Alisimama mbele yangu, akanitazama, akapita. Ibada ilipokwisha aliniita, akaniuliza kama nimekula ngwen leo. Nilisema ndiyo. Akasema bao la kugonga atalibeba Wandera.

Sikulia mbele yake. Nililia katika karakana ya baba, juu ya maranda, na huko ndiko aliponikuta Sylvesta, kijana wa darasa letu aliyekuwa akijua habari za kila nyumba.

"Mimi nasikia ni Wandera," alisema. "Yeye nasema kwa Mwalimu."

"Nani nakuambia?"

"Watu."

Watu. Tangu siku hiyo nimeketi kortini miaka mingi nikiandika maneno ya mashahidi, na shahidi huyo ametajwa mbele yangu mara zisizo na idadi, wala hajawahi kufika kuapishwa. Lakini siku ile nilikuwa mtoto, na ushahidi ulionekana kamili: Wandera aliniona nikila, kwa kuwa alipita nyumbani, Wandera alipewa kitu changu, kwa hiyo Wandera alisema. Nilichukua kipande cha uzi wa katani ambacho baba alikuwa amekitupa, ule uzi aliopimia mbao ndefu, nikafunga fundo la kwanza, nikalikaza kwa meno.

Kuanzia hapo sikumsemesha. Benchi letu lilikuwa moja, nami nilijifunza kukaa ukingoni nikitazama dirisha. Alipojibu swali nililoshindwa mimi, nilifunga la pili. Mama yake alipompa mama yangu mayai, na mama yangu akamsifu Wandera mbele yangu kwa adabu yake, nilifunga la tatu. Mengine yalifuata. Siku moja ya mvua nilikuwa nikirudi kutoka kisimani na mtungi, naye alikuwa upande wa pili wa bonde, akaniita kwa jina langu. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Nilitembea mbele kana kwamba mvua imeniziba masikio. Usiku ule sikufunga fundo lolote, kwa kuwa hapakuwa na kosa lake la kulifungia, na jambo hilo lilinisumbua kwa namna ambayo sikuweza kuieleza. Kila asubuhi kamba niliitia mfukoni. Ililowa, ikakauka, ikafuliwa pamoja na kaptura, ikakauka tena.

Jumatano ya Wiki Kuu tulikwenda kuungama. Haya ni maungamo yangu mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kuyasimulia. Nilipiga magoti, nikataja kumbikumbi, kisha nikasema, kwa fahari kidogo, kwamba nimefunga hasira.

"Vizuri sana, mwanangu," Padri alisema nyuma ya wavu. "Umefunga mara ngapi?"

"Sita, Padri."

"Sita. Na imekuwa vigumu?"

"Ndiyo, Padri. Nyingine nakaza kwa meno."

Nadhani aliguswa. "Kaza, mwanangu," alisema. "Kaza mpaka Pasaka. Na Pasaka utaiona furaha yake."

Nilitoka nikiwa na ruhusa ya Kanisa.

Alhamisi Kuu kamba ya kengele ilifungwa juu ya nguzo, mbali na mikono ya watu, na Wandera akatoka sakristia na bao la kugonga. Nilimwombea alikosee. Nilimwombea likwame, au limponyoke lianguke. Hakukosea. Alilitikisa kwa mkono mmoja, polepole kisha upesi, na sauti ile kavu ikazunguka kuta za kanisa, ko-ko-ko-ko, kama vijiti vya mama yangu juu ya kichuguu. Lilikuwa bao jema, kazi ya baba yangu, na lilipigwa vema. Hilo ndilo fundo la saba: nilimfungia kwa kuwa hakukosea.

Jumamosi asubuhi, katikati ya ibada, kengele ilifunguliwa. Yeyote aliyekaa siku mbili bila kengele anajua inavyoingia mwilini. Wazee walijifuta macho. Vitambaa vya zambarau viliondolewa kwenye sanamu. Sisi watoto tulitazamana, na Misa ilipokwisha hatukukimbilia nyumbani kwenye masufuria. Tulikwenda mmoja mmoja nyuma ya karakana ya baba yangu, mahali penye marundo ya maranda, ambapo anguko halikuumiza sana.

Sheria tulikuwa tumeitunga wenyewe na kila mtu aliijua: hasira haitoki mpaka fundo lifunguliwe. Fundo moja, pigo moja. Ndugu wawili waliotoka njia ya Lumino walikuwa wa kwanza. Mafundo yao yalikuwa ya kitambaa, yakafunguka mara moja, na muda mfupi baadaye walikuwa wakibingirika. Sylvesta alikuwa ametajwa na kamba tano tofauti. Pua yake ndiyo iliyotoka damu siku ile, na nadhani ndiyo damu aliyoisimulia mpwa wa Wandera makaburini.

Wandera alikuja akiwa bado na alama ya magoti kwenye kanzu yake nyeupe ya utumishi. Mkononi alikuwa na ukambaa wa mgomba.

"Wewe nafunga ngapi?" aliniuliza. Yalikuwa maneno ya kwanza kati yetu kwa zaidi ya mwezi.

"Saba."

Alipiga mluzi. "Mimi nafunga moja tu. Lakini ni kubwa."

Alilivuta fundo lake, na ukambaa ule mkavu ukakatika wenyewe. Kwa sheria yetu pigo lilikuwa lake. Hakunipiga. Alisema, "Mimi nangoja wewe," akaketi juu ya gogo la mvule kunitazama.

Nikaanza. Nilijaribu kwa kucha za mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Nilijaribu kwa meno. Katani iliyolowa na kukauka mara ishirini huwa kitu kimoja. Mafundo yale yalikuwa magumu kama kunde kavu za kiangazi, na mimi mwenyewe ndiye niliyeyakaza, kwa bidii, na baraka za Padri juu yake. Wenzetu walipigana na kumaliza. Nilihisi machozi ya hasira yakinijia, na hasira yenyewe sikuweza kuitoa kwa kuwa haikufunguka.

"Leta," Wandera alisema.

Aliokota msumari kwenye maranda, akapata mahali pa kuuchomeka, akaanza kulitikisa fundo la kwanza. Nilichuchumaa nikiishika kamba isicheze. Vichwa vyetu vilikaribia kugongana. Alinukia ubani.

"Hii ya nini?" aliuliza bila kuinua macho.

"Ya ngwen."

"Ngwen gani?"

"Wewe nasema kwa Mwalimu."

Msumari ulisimama. "Mimi?"

"Watu nasema."

"Mimi hapana sema," alisema. "Bawa ndiyo nasema. Ulikuwa na bawa la ngwen hapa." Akanigusa shingoni, chini ya sikio, mahali ukosi wa shati unapoanzia. "Mimi nataka kutoa, wewe nanipiga mkono. Mwalimu naona."

Hapo sikuhitaji shahidi mwingine. Niliukumbuka ule mkono katika mstari. Niliukumbuka mguso wenyewe, mwepesi kama wa mtu anayetoa kitu, na nilikumbuka jinsi nilivyoupiga. Lilikuwa jambo nililolijua siku zote, na nilikuwa nimeliacha nikaenda kuamini la Watu.

Fundo la kwanza lilifunguka. Pigo lake sikulidai. La pili lilipofunguka nilimwambia ni la swali la darasani, akakiri kwamba alicheka kidogo. "Hiyo ni kweli," alisema. "Piga." Nilimpiga begani, si kwa nguvu. Ndilo pigo pekee lililopigwa kati yetu siku ile, na naliandika kwa sababu ni kweli. La tatu, la mayai, lilifunguka na kumchekesha mpaka akaangusha msumari, na tulipokuwa tukiutafuta nikamuuliza lile lake moja lilikuwa la nini.

"Siku ya mvua," alisema. "Mimi nakuita mara tatu."

"Nilisikia."

"Najua ulisikia."

Aliutafuta ule ukambaa wake uliokatika, akautupa juu ya rundo la maranda, ukapotea. "Basi," alisema. "Yangu imekwisha."

Ndipo Padri alipotokea pembeni ya karakana, bado akiwa na kanzu nyeupe, ameletwa na makelele. Hakuwa na bakora. Sikumwona na bakora hata siku moja. Alimtazama Sylvesta na pua yake, akawatazama wale ndugu wawili waliojaa unga wa mbao nyweleni, akauliza tunafanya nini siku takatifu kama hii.

"Tunafungua hasira, Padri," mmoja alijibu. "Kwaresima imekwisha."

Padri alirudia lile neno kwa sauti ndogo, mara mbili, kama mtu anayeonja chakula na kushuku chumvi yake. Aliuliza nani alitufundisha hivyo. Tulitazamana kwa mshangao, kisha tukamjibu karibu sote kwa pamoja, bila ubaya wowote: "Ni wewe, Padri."

Akageuka akatuona sisi wawili tumechuchumaa juu ya kamba. "Na ninyi?"

"Hizi nakataa kufunguka, Padri," Wandera alisema.

Alinitazama mimi. Aliitazama ile katani, na alama za meno juu yake. Nina hakika alikumbuka, ingawa siri ya maungamo ilimzuia kusema. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na mabega yake yakawa yanatikisika. Wengine husema alilia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake: alikuwa akicheka. Kisha alituambia twende nyumbani tukale.

Kesho yake, katika Misa ya Pasaka, alihubiri kwa kifupi. Alisema chakula hufungwa, kwa kuwa chakula ni chema na kitarudiwa. Hasira haifungwi, alisema, huachwa. Akalirudia neno hilo, kuacha, akiinua mikono na kuvifungua vidole vyote, ili hata wasiojua Kiswahili waone kwamba viganja ni vitupu. Tangu mwaka ule, kila Kwaresima nilipokuwa pale, sikumsikia tena akilitumia neno kufunga kwa kitu kisicholiwa. Kuhusu kumbikumbi, inasemekana alimwandikia Askofu kumuuliza. Jibu sikulisikia kwa masikio yangu, kwa hiyo sina la kuongeza.

Wandera alikula kwetu Jumamosi ile. Mama alitupa nyama, na kando yake kisahani cha ngwen waliobaki, na hakuna aliyeuliza ni nyama au si nyama. Miezi kadhaa baadaye nilimweleza Mama Zaituni kisa chote, nilipofika Busia kwa lori la mumewe. Alicheka hadi akaketi kizingitini. "Hasira haina futari, mwanangu," alisema, kisha akaingia ndani kunitafutia tambi.

Msumari hatukuuona tena alasiri ile, na mafundo mengine hayakufunguliwa. Niliiweka kamba. Nilikwenda nayo shuleni, nikaenda nayo kazini Tororo, na Wandera akavuka ng'ambo kufanya kazi yake. Kila tulipokutana, kwenye arusi, msibani, au kwa bahati tu kwenye barabara ya Busia, kabla ya salamu za nyumbani aliniuliza yamebaki mangapi. Nilimwambia. Naye alijibu, "Ngoja kengele." Wake zetu walichoka kulisikia. Ningeweza kuyafungua siku yoyote. Meza yangu ya ukarani haikukosa kitu chenye ncha. Lakini nisingekuwa na la kumjibu.

Makaburini, mpwa wake alipomaliza hadithi yake, kengele ya kanisa ililia. Paskalina alinishika mkono, nami nilimwacha anishike. Leo asubuhi, kabla ya kushika kalamu, nimeitoa kamba katika bahasha yake, nikavaa miwani na kuyahesabu kwa kidole, nisije nikaandika la kuambiwa. Ni manne. Ni ya nini, ukiacha lile la saba, sikumbuki hata moja.